Mwalimu wa Mbio Anajibu: Ratiba imenishinda wiki ya sita, niache?

Mvua zimekatika, alfajiri za Dodoma zimeanza kuwa na baridi, na barua za wakimbiaji zimekuwa nyingi kuliko za mwezi uliopita. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu wengi wenu mmeuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani katika wizara moja, ofisi zetu ziko Mtumba na ninaishi Ilazo. Mwishoni mwa mwezi wa tatu niliamua kujiandaa kwa kilomita 42 za hapa Dodoma, zile mbio za mwisho wa Julai. Nikachukua kwenye intaneti ratiba ya wiki 16: siku tano za kukimbia, moja ya mazoezi ya viungo, moja ya kupumzika. Wiki tatu za mwanzo nilikwenda vizuri sana. Ya nne nikasafiri kikazi, ya tano nikashikwa na mafua, ya sita nikakimbia mara moja tu. Sasa nikiiona ile ratiba ukutani roho inaniuma, na raba nimezisukuma uvunguni. Umbali mrefu niliowahi kukimbia ni kilomita 12. Nifanye nini nirudishe ari? — Karani, Ilazo

Marahaba mwanangu. Kwanza toa hizo raba uvunguni, uziweke mlangoni. Pili, ibandue hiyo ratiba ukutani leo hii, maana haikuandikwa kwa ajili yako.

Tuihesabu wiki yako pamoja. Mtu wa Ilazo anayefanya kazi Mtumba anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi au kabla, na akirudi mapema ni saa kumi na mbili jioni. Hapa kwetu jua huzama karibu na saa moja jioni au kabla yake, mwezi wowote wa mwaka. Ratiba nyingi za kwenye intaneti huandikwa na watu wa nchi ambazo wakati wa kiangazi kuna mwanga hadi saa tatu usiku, na nyingine humdhania msomaji anayetoka kazini saa kumi na kuikuta bustani yenye njia ya lami mbele ya mlango wake. Siku tano katika maisha ya namna hiyo zinawezekana. Katika maisha yako, siku tano zinataka uamke saa kumi usiku, na mwili hauwezi kukubali hilo kwa miezi minne. Hukuwa mvivu. Ulivaa nguo ya mtu mwingine, ikakubana.

Unaniuliza ari utairudisha vipi. Ile uliyokuwa nayo mwezi wa nne ilikuwa ya upya, na upya huisha kwa kila mtu, hata kwa mabingwa. Kinachomtoa mtu kitandani wiki ya kumi ni siku ambayo imekwisha kupangwa, ikiwa na mahali pake na mtu wake. Kwa hiyo nakukatia ratiba ya siku tatu.

Jumanne na Alhamisi, kimbia ukirudi kazini. Beba bukta na fulana kwenye begi, badilisha nguo ofisini, panda gari kama kawaida, kisha shuka kituo cha Nanenane na umalizie hadi Ilazo kwa miguu yako, ukipita njia za mitaani badala ya barabara kuu. Barabara ya Dar es Salaam ina malori mengi mno jioni. Ukilazimika kuigusa, kimbia upande unaoyaona magari yakija. Uzuri wa mpango huu ni kwamba ukishashuka kwenye gari huna pa kughairi, lazima ufike nyumbani. Siku ambayo bosi amekuchelewesha na giza limeingia, panda gari mpaka nyumbani ukale, na siku hiyo imekwisha. Usiihamishie kesho.

Hapo pa "usiihamishie kesho" nataka pakae kichwani. Nimefundisha michezo sekondari hapa mkoani miaka mingi, na wanafunzi wengi niliowaona wakiacha mbio walikuwa wanalipa deni. Kakosa Jumanne, basi Jumatano anakimbia mara mbili. Kakosa wiki, basi Jumamosi anakimbia kilomita zote alizokosa. Pumzi hukua haraka, lakini mifupa na mishipa inayoshika misuli hukua polepole, na mzigo wa ghafla huishia kwenye ugoko au kisigino. Ukikosa siku mbili tatu, endelea na siku iliyoandikwa leo. Ukikosa wiki mbili, kama ulivyofanya, rudi nyuma uanze pale ambapo mwili wako upo sasa.

Jumamosi ndiyo siku ya mbio ndefu, na ndiyo ninayokuomba uilinde kuliko zote. Toka kunapopambazuka. Anza kwa kuelekea mashariki, maana upepo wetu miezi hii hutoka upande huo: utakukabili ukiwa bado na nguvu, na utakusukuma wakati wa kurudi umechoka. Nimewaona wageni wakifanya kinyume, wanashuka na upepo kilomita saba kwa raha, halafu wanarudi wakila vumbi.

Kuhusu kasi. Hujaniambia, lakini naamini wiki tatu zile ulikimbia haraka kupita kiasi. Kipimo hakihitaji saa ya bei kubwa: ukikimbia, mwambie mwenzako sentensi nzima, kwa mfano ulichokula jana usiku na nani alipika. Ukikatika katikati, punguza. Mbio zako zote kwa wiki nne zijazo ziwe za kasi hiyo ya mazungumzo, hata kama bibi mwenye ndoo kichwani anakupita. Mwendo huo mwepesi ndio unaoufundisha mwili kutumia mafuta kama nishati na kuitunza sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini. Akiba ile ya sukari kwa watu wengi huelekea kuisha kwenye kilomita ya 30 hivi, na ndiyo maana unawaona watu wanasimama ghafla wakiwa wamebakiza kumi na mbili.

Na hapo nifike kwenye jambo ambalo hutalipenda. Zimebaki kama wiki kumi, na umewahi kufika kilomita 12. Kilomita 42 za Julai ziache. Kimbia 21. Jumamosi hii nenda 12, ijayo 13, inayofuata 14, ya nne shuka hadi 10 upumzike, kisha panda tena polepole ufike 18 wiki mbili kabla ya mbio. Hizo wiki mbili za mwisho punguza umbali, mwili ujijenge. Halafu ile 42 uipeleke Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon, ambayo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Utakuwa na miezi saba baada ya Julai, inatosha kwa mtu wa siku tatu kuongeza siku ya nne. Njia ya kule ina mlima wa kuelekea Mweka, kwa hiyo kuanzia Oktoba Jumamosi zako zihamie kwenye vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Najua kuna watu ofisini umewaambia ni 42. Waambie ni 21 mwaka huu. Watasahau kabla ya chai ya saa nne.

Mwisho kwako: tafuta mtu mmoja wa Jumamosi. Mmoja tu, wa kasi yako. Wasichana wangu shuleni huamka alfajiri ya baridi kwa sababu kuna mwenzao amesimama getini anawasubiri, na sijawahi kuona maneno yangu yakifanya kazi kubwa kama ya yule aliyeko getini. Na siku mwili unapogoma, vaa raba utoke dakika kumi. Ukiona bado mzito, geuza. Andika kwenye daftari kwamba umekimbia.

Mwalimu, habari za kazi. Nina watoto wawili, mdogo ana mwaka na nusu. Natafuta kilomita 10. Nakimbia alfajiri peke yangu, mbwa wamenifukuza mara mbili, na majirani wanasema mama mzima anarukaruka na suruali ya kubana. Mume wangu hanikatazi ila hasemi kitu. Siku hizi natafuta sababu ya kutotoka. — Mama wa Chang'ombe

Nzuri, mdogo wangu. Hebu tuseme kilichopo: unaogopa, na una haki ya kuogopa. Usijilaumu kwamba huna ari.

Acha kutoka gizani peke yako. Subiri kupambazuke, hata kama ni kupunguza nusu saa ya mazoezi. Ukiweza, siku mbili za wiki sogea maeneo ya Uwanja wa Jamhuri, ambako asubuhi unakuta watu wa mazoezi wa kila umri, wakiwemo akina mama wa rika lako. Msalimie yuleyule mara mbili tatu, utakuwa umepata mwenza.

Mbwa akija, usikimbie. Simama, mtazame, rudi nyuma taratibu, ukiinama kama unaokota jiwe wengi huondoka. Akikuuma, hata mkwaruzo tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa hiyo usisubiri kuona kama mbwa ni mzima.

Suruali ni yako, mwili ni wako. Ukitaka kuvaa sketi ya michezo juu yake kwa amani yako, vaa. Ukitaka kubaki hivyo, baki. Majirani wa Chang'ombe watapata habari nyingine.

Kwa mume, usimwombe akutie moyo, wanaume wengi hawajui waanzie wapi. Mpe kazi yenye saa: "Baba fulani, Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili watoto ni wako, uji uko kwenye chupa." Akishafanya mara tatu nne, ataanza kukuuliza mwenyewe umekimbia ngapi.

Mwalimu, mimi ni kijana wa Ikungi, Singida, nina miaka 22. Nakimbia kila siku tangu Simbu ashinde marathoni ya dunia. Mwaka huu mashindano mawili sikuingia hata kumi bora. Rafiki zangu wameanza kunicheka. Nitajuaje kama nina kipaji au napoteza muda?

Mwanangu, wewe unatoka mkoa uleule wa Alphonce Simbu, na naona umeiangalia siku moja tu ya maisha yake: Septemba 2025 kule Tokyo, alipomshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Sasa angalia siku nyingine. Olimpiki ya Rio 2016 alikuwa wa tano. Mashindano ya dunia ya London 2017 alipata shaba. Kisha ikapita miaka minane bila medali nyingine ya dunia, na Olimpiki ya Paris 2024 alimaliza wa 17. Mwaka mmoja tu kabla ya dhahabu.

Au mchukue Juma Ikangaa, mtu wa Dodoma hii. Marathoni ya Boston 1988 alipitwa kwa sekunde moja na Ibrahim Hussein wa Kenya. Alirudi 1989, akawa wa pili tena. Novemba ya mwaka huohuo akaenda New York, akashinda kwa 2:08:01.

Sikwambii haya ili uamini utakuwa wao. Mashindano mawili hayawezi kukuambia chochote, ndiyo maana. Acha kukimbia kila siku kwa nguvu zote: siku mbili za kasi, moja ndefu, zilizobaki nyepesi, na moja ya kulala. Andika muda wako wa kilomita 10 leo, upime tena baada ya miezi sita kwenye njia ileile. Muda ukishuka, endelea. Na umtafute kocha wa riadha wa mkoa wako, akuone kwa macho, kabla hujaamua jambo lolote kuhusu kipaji. Hao wanaocheka waalike Jumapili moja mkimbie wote.

Mbukwenyi Mwalimu! Nina miaka 63, niko Kongwa, najiandaa kwa kilomita 21. Vijana wananiambia ninunue zile pakiti za nguvu za kutoka nje. Ugali wa uwele na mlenda havitoshi?

Mbukwenyi, na shikamoo mzee wangu. Ugali wa uwele unatosha kabisa, ni wanga mzuri. Mlenda endelea kuula siku nyingine zote, ila usiku wa kuamkia mbio ndefu upunguze, na mboga za majani pia, ili tumbo lisikusumbue njiani. Karanga zenu za Kongwa uzile baada ya mbio, maana mafuta yake hukaa tumboni muda mrefu. Asubuhi kunywa uji mwepesi wenye sukari, ikiwa imebaki saa moja na nusu kabla ya kuanza kukimbia.

Pakiti zile kwa sehemu kubwa ni sukari. Mbio zikizidi saa moja na nusu mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na konzi moja kubwa ya zabibu kavu za Dodoma hukupa kama 30. Zitafune kidogo kidogo, kila dakika ishirini, na maji unywe kwa kiu. Kujaza maji tumboni bila kiu kunaizimua chumvi iliyomo kwenye damu, na hilo ni hatari kwa wanaokimbia muda mrefu. Kabla ya yote, kwa umri wako, pita kituo cha afya upimwe presha na moyo, umwambie daktari kwamba unakwenda kukimbia kilomita 21. Majibu ukishapata, niandikie tena nikupangie wiki zako.