Msimpe kijana kalamu tupu

Swali la wiki linauliza kama vijana wapewe uongozi juu ya wazee. Wapewe, tena leo. Kinachoniuma ni namna tunavyowapa. Kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, ukatibu mara nyingi anatupiwa kijana kwa sababu anaandika haraka. Huo ni utumishi tu.

Kuna kikundi kimoja, hisa yao ni shilingi 2,000, kila wiki mwanachama ananunua hisa 1 hadi 5, na mkopo hauzidi mara tatu ya akiba. Mzee mmoja alikuwa na hisa 60, yaani 120,000, kwa hiyo kikomo chake 360,000. Akaomba 500,000. Katibu, binti wa miaka 23, akafungua kitabu cha mzee, akapitisha kidole kwenye mihuri, kila hisa muhuri wake, mmoja mmoja hadi wa 60. "Babu, nisamehe, yako inaishia laki tatu na sitini." Mzee hakubishana naye, alimgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akamwambia binti, "Mwandikie tu mwanangu, huyu ni mzee wetu." Sanduku li wazi, kufuli tatu zimelala mkekani, watunza funguo wote watatu wanatazama chini. Binti akaandika.

Wiki zilizofuata wakaja wengine wanne, nao ni wazee wetu. Sasa piga hesabu: yule wa kwanza akishindwa kulipa, akiba yake inafidia 120,000. Zile 380,000 ni za wenzake. Siku ya mgao, mzunguko unapoisha na kila mtu anachukua akiba yake, fedha zikapungua, na lawama zikamwangukia binti, maana mwandiko ni wake.

Katiba ya kikundi iseme wazi kwamba mkopo uliozidi kikomo katibu haandiki, hata mwenyekiti akiamuru. Vikomo visomwe kwa sauti kabla sanduku halijafunguliwa, kila mtu asikie chake. Asiyeridhika apeleke hoja kwa wanachama wote.

Nilianza nikitaka kijana akalie kiti chenyewe cha mwenyekiti. Lakini kwenda kudai deni nyumbani kwa mtu aliyekubeba mgongoni ni kazi nyingine kabisa, huko anasikilizwa mzee mwenzake. Basi mzunguko wa kwanza kiti kibaki kwa mzee, mradi yeye mwenyewe hadaiwi na kikundi, na kijana ashike vitabu pamoja na haki ya kukataa. Mzunguko ukiisha, wapige kura upya. Kikundi cha watu wa rika moja hakihitaji haya yote.