Ukijihami mtu akafa: sheria ya Tanzania inasemaje

Wiki hii meseji zenu nyingi ni za wezi na mapanga, nimechukua nne.

Swali: Mwizi kavunja mlango saa nane usiku ana panga, nikimpiga akafa nanyongwa?

Jibu: Hapana, kama alikuwa anakujia. Kanuni ya Adhabu kifungu 18C inakuruhusu kujihami hata hadi kuua pale unapoamini kwa nia njema na kwa sababu za msingi kwamba bila hivyo utauawa au utajeruhiwa vibaya, na ubakaji, utekaji na kuvunja nyumba usiku vimo humohumo. Ila jiandae, polisi wanaweza kukushika kwanza, na shtaka la mauaji halina dhamana.

Swali: Na kama keshatupa TV anakimbia, nikamfukuza nikamkata?

Jibu: Hapa ndo wengi wanapoteza maisha yao jamani. Akishakupa mgongo hatari imeisha na haki yako ya kujihami imeisha nayo, daktari atasema jeraha liko kisogoni, jirani atasema ulimfukuza mpaka barabarani, utajibu nini? Ukiwa kweli unajihami ila ukazidisha nguvu, 18B inasema ni kuua bila kukusudia, adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Lakini ukimfukuza ili umuue hata hiyo nafuu unaweza usiipate, inakuwa mauaji ya kukusudia na adhabu yake ni kifo. Kwa TV!

Swali: Shemeji anampiga dada yangu na mchi, naruhusiwa kuingilia?

Jibu: Ndiyo, 18A inakulinda unapomtetea mtu mwingine pia. Nguvu iwe ya kumzuia tu, akishaachia mchi na wewe acha.

Swali: Mtaani tulimpiga kibaka akafa, tulikuwa wengi, atashtakiwa nani?

Jibu: Yeyote atakayetambuliwa, ngumi moja au kumi, maana mlikuwa na nia moja. Hii inaniuma sana kila nikiisikia, mtu keshashikwa, keshafungwa kamba, analia anamtaja mama yake, sasa hapo nani anajihami na nini? Mkishamshika piga 112, muite mwenyekiti wa mtaa, mkae naye mpaka polisi wafike. Na kama alikujeruhi kabla hamjamdhibiti nenda kituoni uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, siku hiyohiyo, na panga lake liacheni palepale lilipoanguka, mtu asilioshe.