Sekunde Tisini Baada ya Seva Kuhama

Wewe unayeanza kusimamia seva mbili za faili za NFS (itifaki ya kushirikisha faili kupitia mtandao), moja ikihudumia na nyingine ikiwa ya akiba, utakutana na hali hii mapema: seva kuu inazimika, ya akiba inachukua diski na anwani ya IP ndani ya sekunde chache, lakini programu za watumiaji zinabaki zimeganda. Nilipokutana nayo mara ya kwanza nililaumu swichi, kisha diski, na usiku mzima ukapotea, kwa sababu niliamini kwamba anwani ikishahama kazi imekwisha.

NFS toleo la 4 huweka kumbukumbu ya nani amefungua faili ipi na nani ameshika kufuli ipi (haki ya kuzuia wengine wasiibadilishe faili kwa wakati mmoja), na sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo imo kwenye RAM ya seva iliyozimika. Kwa hiyo seva inayopokea kazi hutenga kipindi cha neema, ambacho kwenye Linux kwa kawaida ni sekunde 90, ili kompyuta zilizokuwa zimeunganishwa zidai upya kufuli zao. Maombi mapya ya kufungua faili husubiri.

Kishawishi ni kukifupisha, nami nakusihi usikimbilie huko. Kompyuta iliyotulia hugundua kwamba seva imebadilika pale tu inapohuisha ukodi wake (muda ambao seva inaitambua kabla ya kulazimika kujitambulisha tena), ambao nao ni sekunde 90. Ukiweka neema ya sekunde 10 na kuuacha ukodi ulivyo, kompyuta hiyo itafika muda umekwisha, mwingine ameshaishika kufuli yake, na data inaweza kuharibika. Vipunguze vyote viwili pamoja, tena kabla ya kuwasha huduma.

Njia iliyo salama zaidi ni kutumia toleo la 4.1 la NFS, ambamo kila kompyuta hutangaza kwamba imemaliza kudai, na seva inaweza kufunga neema mapema wote wakishatangaza. Hilo linahitaji saraka ya /var/lib/nfs, inayohifadhi orodha ya kompyuta hizo, iwe kwenye diski inayohama pamoja na faili, la sivyo seva mpya haitajua ni nani wa kumsubiri. Kompyuta moja iliyozimwa bila kuaga huirudisha seva kwenye kusubiri hadi mwisho.

Kabla ya kubadilisha chochote, tafuta kwenye logi ya kernel (kiini cha mfumo wa Linux) ya seva inayopokea kazi mstari unaotangaza kuanza kwa neema. Ucheleweshaji uliotangulia mstari huo ni wa klasta, yaani mfumo unaohamisha kazi kati ya seva hizo mbili. Uliobaki baada ya neema kwisha, uchunguze kwenye miunganisho ya mtandao (TCP) ya kompyuta za watumiaji.