Maswali yenu kuhusu misitu ya kelpi baharini

Kelpi ni mti? Mizizi yake hufika wapi?

Si mti, ni mwani wa kahawia, na mizizi haina. Kile kinachofanana na mizizi ni shikizo la kung'ang'ania mwamba tu. Chakula hufyonzwa na majani yenyewe. Kwenye mchanga mtupu haisimami. Kelpi kubwa ya California huelea kwa vifuko vya hewa, kimoja kwenye shina la kila jani, na hali ikiwa nzuri hurefuka hata sentimita 60 kwa siku.

Mbona Tanga hatuna, ilhali mwani unalimwa?

Mwani wa mashambani ni jamii nyingine, inayostahimili joto. Kelpi hutaka maji ya baridi yenye nitrati, yaani rutuba yake, na maji ya juu yenye joto huwa na nitrati chache. Hata hivyo ipo Dhofar, Oman: msimu wa kusi upepo husukuma maji ya juu kutoka pwani, ya kilindini yakapanda na baridi yake na rutuba yake.

Nungu wa baharini, wale wa miiba, wamemalizaje misitu ya kaskazini mwa California?

Kwa kawaida hukaa kwenye nyufa wakingoja vipande vya kelpi vinavyopeperuka. Kuanzia 2013 ugonjwa uliwaua viti vya pweza wakubwa (wale viumbe wenye umbo la nyota) wanaowala nungu, kisha joto la 2014 hadi 2016 likadhoofisha kelpi. Chakula kilipopungua, nungu walitoka nyufani na kutafuna shina karibu na shikizo. Likikatika hapo, mmea mzima huchukuliwa na maji. Zaidi ya asilimia 90 ya kelpi ya eneo hilo ilitoweka. Abaloni, konokono wa baharini wanaoliwa, nao walikufa njaa, na uvuvi wao wa burudani ukafungwa 2018.

Ubaya ni kwamba nungu hawafi upesi. Huishi miaka mingi na njaa, mayai yao, ndiyo yanayoliwa, yakiwa yamekauka, kwa hiyo hata wapiga mbizi wa biashara hawawataki.

Basi wakiondolewa, kelpi hurudi?

Mara nyingi, ndiyo. Palos Verdes, karibu na Los Angeles, wapiga mbizi huwaponda kwa nyundo hadi wabaki wawili hivi kwa mita ya mraba. Kinachoharibu kazi ni kusafisha kipande kidogo katikati ya jangwa lililojaa nungu: wa jirani hutambaa na kukijaza. Chagua mwamba uliozungukwa na mchanga, maana hawapendi kuuvuka, tena anzia ukingoni mwa kelpi iliyobaki, kwa sababu spora (chembe ndogo zinazoota kelpi mpya) nyingi hutua mita chache tu kutoka kwa mama.