Kopi ya NIDA yako iko wapi sasa hivi?

Nina steshenari ndogo hapa Mbeya mjini, jirani na ofisi ambazo wakazi wa mitaani na wakulima wa vijijini hufika kila siku. Kazi yangu ni kutoa kopi, kuskani, kuchapa barua na kuwajazia fomu wale ambao mkono wao mzito. Kwa hiyo vitambulisho vya taifa napokea vingi mno. Kuna kopi ya mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kopi ya mbolea ya ruzuku, kopi ya kujiunga na kikundi, kopi ya kumdhamini ndugu aliyewekwa ndani. Ndani ya msimu mmoja wa kilimo mtu anaweza kuacha kopi tano katika ofisi tano. Ukimuuliza zimeishia wapi, hajui. Na ofisi nyingi ukiziuliza, nazo hazijui.

Hilo linaniuma. Tumezoeshwa kuamini kwamba wizi wa taarifa ni kazi ya mafundi wa kompyuta wanaovunja mifumo usiku wa manane. Ninayoyaona mimi hayahitaji hata umeme: faili lisilo na kabati, daftari lililoachwa wazi mezani huku foleni nzima ikilichungulia, orodha iliyopigwa picha na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa.

Mwaka jana nilinunua karanga za kukaanga pale Mwanjelwa, zimefungwa kwenye karatasi kama kawaida. Nilipozimaliza nikaikunjua ile karatasi. Ilikuwa nusu ya fomu ya maombi. Juu kulikuwa na jina kamili la mwanamke, chini yake namba ya NIDA, tarakimu zote 20, kisha namba ya simu, kijiji, jina la mume na idadi ya watoto. Pembeni alama ya dole gumba kwa wino wa bluu, na mahali picha ilipokuwa imebanduliwa, gundi imebaki. Nikamrudia kijana anayeuza. Chini ya beseni lake alikuwa na bunda zima la fomu za aina hiyohiyo.

"Hizi umezipata wapi, mdogo wangu?"

"Zinauzwa kwa kilo, dada. Karatasi chakavu tu hizo."

Nikalinunua bunda lote nikalipeleka kwenye ofisi ambayo jina lake lilikuwa juu ya fomu. Mhusika alinipokea vizuri, akanishukuru, kisha akaziweka dirishani juu ya rundo jingine lililokuwa pale. Sikumwona kama mtu mbaya. Hakuna aliyemfundisha kwamba kile alichokishika ni mali ya watu, na hakuna kabati alilopewa.

Labda unajiuliza mwizi atafanyia nini karatasi ya karanga. Anza na namba yenyewe. Tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na tarehe yako ya kuzaliwa. Aliyeiona namba ameshajua umri wako, na kwa watu wengi ninaowahudumia ameshajua pia namba yao ya siri ya pesa za simu, maana wameweka mwaka wa kuzaliwa. Kama na wewe umeweka mwaka wako, au wa mtoto wako wa kwanza, ibadili leo kabla hujaendelea kusoma. Usiweke na tarakimu za mwisho za simu yako pia.

Halafu kuna simu ya kukutia kiwewe, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo wazazi wetu wanapoumia. Mama mmoja mlima viazi kutoka upande wa Uporoto alikuja dukani asubuhi akihema. Alikuwa amepigiwa na mtu anayejua kila kitu: jina lake la tatu, kijiji chake, ekari alizoandikisha, hata namba yake ya NIDA alimsomea taratibu kama anayesoma kutoka kwenye kompyuta ya serikali. "Mama, mbolea yako ya ruzuku imekwama kwenye mfumo, tuma elfu kumi na tano ya kuifungua, leo ndiyo mwisho." Alitaka nimsaidie kutuma. Nikamwamkia, nikamkalisha, tukampigia afisa ugani wake. Hakukuwa na mbolea iliyokwama wala ada ya kufungua chochote. Orodha ya wakulima wa kijiji chao ilikuwa imepigwa picha na kuwekwa kwenye grupu, majina, namba za NIDA na za simu zikiwa safu tatu zilizopangwa vizuri, ili watu "wajihakiki". Grupu lenyewe lina watu zaidi ya mia mbili, na linki ya kujiunga ilibandikwa hadi kwenye duka la pembejeo.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshauzoea, wengi hatudanganyiki tena. Anayekusomea taarifa zako sahihi ni mtu wa hatari zaidi, kwa sababu usahihi wake ndio unaokufanya umwamini. Weka hili kichwani na umfundishe mama yako: mtu kujua namba yako ya NIDA hakuthibitishi kwamba anatoka serikalini. Kata simu, mpigie mtendaji au afisa ugani kwa namba unayoijua wewe, siyo aliyokupa yeye. Ukitumiwa ujumbe wa kitapeli, usambaze kwenda 15040, ni namba iliyowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kazi hiyo. Ripoti za mamlaka hiyo zimekuwa zikiutaja mkoa wa Rukwa, majirani zetu kabisa, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Kwa hiyo tusidhani ni habari za Dar es Salaam.

Jingine ni laini za simu. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwezi Mei 2019, kila laini inafungwa na namba ya NIDA na kidole cha mwenyewe. Lengo lilikuwa zuri. Lakini kuna mawakala wa mwavuli ambao wakishakusajilia laini moja wanasema, "Kidole hakijasoma, mama, weka tena," kumbe kimesoma, na hicho cha pili kinasajili laini ambayo hutaiona kamwe. Laini hiyo ikitumika kutapeli watu Makambako au Tunduma, jina litakalosomeka ni lako. Binti wa shangazi yangu alikuta laini asizozijua kwenye jina lake. Alijua kwa sababu nilimlazimisha apige *106#. Nawe ipige. Ukifuata menyu itakuonesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho halisi, sema hadharani kwamba laini hii si yako na ifungwe, na usiondoke bila kupiga tena kuhakikisha. Ukiwa kwa wakala na akakwambia urudie kidole, piga *106# palepale mbele yake.

Mikopo ya simu nayo imeongeza moto. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Ukiweka programu ya aina hiyo, inasoma majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa inawatumia ujumbe wa kukuaibisha mchungaji wako, shemeji yako, mwalimu wa mtoto. Hizo ziepuke kabisa.

Niwe mkweli kuhusu jambo moja: uzembe huu si wa kwetu peke yetu wala hautokani na umaskini. Mwaka 2007 mamlaka ya mapato ya Uingereza ilipoteza diski mbili zenye majina, tarehe za kuzaliwa na akaunti za benki za familia zinazopokea posho ya watoto, watu wapatao milioni 25. Hakuna aliyevunja mfumo. Mtumishi alizituma kwa njia ya kawaida ya barua za ofisi kwenda London, hazikufika. Mkuu wa mamlaka hiyo alijiuzulu. Nchi yenye kompyuta za kila aina iliumizwa na bahasha. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba mambo yakishakuwa ya kidijitali yote yatakuwa salama, sikubali. Mtumishi asiyejali karatasi hatajali na faili la kwenye kompyuta, na faili la kompyuta linabeba watu wengi kuliko rundo la dirishani.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Sheria hiyo inazibana taasisi za umma kama inavyozibana kampuni. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa akwambie anazikusanya kwa kazi gani, asizitumie kwa kazi nyingine, azitunze kwa usalama, na asikae nazo kuliko inavyohitajika. Una haki ya kuuliza wana nini juu yako na kutaka kilichokosewa kirekebishwe. Wateja wangu wengi hushangaa nikiwaambia haya. Wanadhani kuuliza ni ukaidi.

Kwa hiyo uliza, kwa adabu. "Samahani mheshimiwa, kopi hii ni ya nini, na itahifadhiwa wapi?" Mara nyingi utagundua hawahitaji kopi kabisa, wanahitaji kuona kitambulisho na kuandika namba. Wakihitaji kopi, fanya ninavyowafanyia wateja wangu wote bila malipo ya ziada: chora mistari miwili ya mshazari juu ya kopi, katikati yake andika kwa peni "Kwa maombi ya mbolea ya ruzuku tu", weka tarehe na saini. Maandishi yaiguse picha ya kitambulisho, ila yasifunike sura wala namba. Kopi ya namna hiyo ni vigumu kwenda kudhamini mkopo usioujua. Mtumishi akisema "haturuhusu kuandikwa", mwambie kwamba jina, namba na sura vinaonekana vyote, na maandishi yanamlinda yeye pia. Wengi wanakubali.

Hata sisi wa steshenari tuangalieni. Ukitoa kopi mbili na moja ikatoka imefifia, hiyo iliyofifia ni yako, ondoka nayo. Ukiwa umetuma picha ya kitambulisho kwenye WhatsApp ya duka, simama hapo mpaka ifutwe kwenye simu na kwenye kompyuta, pamoja na kwenye kapu la takataka la kompyuta. Mwenye duka akinuna, kuna maduka mengine. Mimi kopi zilizoharibika nazichoma kila jioni kabla ya kufunga.

Na kwenu watendaji wa mitaa na vijiji, wenyeviti na makarani, wengi wenu ni wateja wangu na najua mnavyofanya kazi kwenye ofisi isiyo na hata feni, sembuse kabati. Lakini orodha ya ubaoni inatosha kuwa na jina na tarakimu 4 za mwisho za NIDA, mtu atajijua. Daftari la wageni lifunikwe. Fomu za waliokataliwa zisikae miaka, zichomwe mbele ya shahidi na iandikwe kwamba zimechomwa. Karatasi za ofisi zisiuzwe kwa kilo, hata kama mfagiaji anaomba hela ya soda. Zilizo kwenye grupu zifuteni leo, kwa wote.

Kama madhara yameshakupata, usikae nayo moyoni. Nenda polisi ufungue jalada upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, maana kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hiyo RB ndiyo itakayokusaidia siku mdai asiyekujua atakapogonga hodi. Ukiona kwamba taarifa zimevuja kutoka ofisi fulani, andika malalamiko kwa Tume. Barua isiwe ndefu: eleza ulitoa taarifa gani, lini, kwa ofisi ipi, kwa ajili ya nini, kisha ulizikuta wapi au zilitumikaje. Ambatanisha picha ya orodha au ya ujumbe, huku umefunika majina na namba za wengine. Nakala moja ipeleke kwenye ofisi unayoilalamikia, na ya kwako igongwe hapo muhuri wa "imepokelewa" pamoja na tarehe. Asiyejua kuandika aje dukani, nitamwandikia, na kopi ya barua hiyo ataondoka nayo yeye.