Mkanda Mmoja kwa Siku Tatu: Kwa Anayeanza Kupiga Picha za Filamu Mashambani Toscana

Katika siku zangu sita za kwanza Toscana, mkoa wa katikati ya Italia, nilizunguka miji mitano, nikamaliza mikanda minne ya picha 36, na nilipoipeleka kusafishwa nikapata picha mbili tu ambazo nisingeona haya kumwonyesha mtu. Zilizobaki zilifanana na kadi za posta zinazouzwa stesheni, ila zile za stesheni zimepigwa vizuri zaidi. Nilikuwa mwanafunzi katika mji wa Siena wakati huo, na nililaumu kamera, kisha lenzi, kisha fundi wa maabara, kabla sijakubali kwamba kosa lilikuwa la mwendo wangu. Ninyi mnaoanza sasa mnaweza kuliepuka kosa hilo bila kulipia mikanda minne.

Jambo la kwanza ninalowashauri ni kuchagua mji mmoja mdogo na kukaa hapo angalau wiki nzima. Mimi niliangukia Buonconvento, mji wenye kuta za matofali kusini ya Siena, mahali ambapo mto Arbia unaingia katika Ombrone. Una stesheni ya treni, na Via Francigena inapita hapo, yaani ile njia ya mahujaji wa Roma ambayo Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliorodhesha vituo vyake alipokuwa akirudi kwao mwaka 990. Ukiwa na tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge kwenye mashine iliyopo stesheni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini hata kama umelipa nauli. Jumapili mabasi ni machache mno, na maduka mengi hufungwa baada ya chakula cha mchana hadi karibu saa kumi jioni. Mwanzoni jambo hilo lilinikera, hadi nilipogundua kwamba saa hizo ndizo jua liko utosini, kivuli hakuna, na picha hazina maana. Wenyeji wamelala, na mpiga picha mwenye akili naye alale.

Kutoka Buonconvento hadi abasia (makao ya watawa) ya Monte Oliveto Maggiore ni mwendo wa takribani kilomita tisa, barabara ikipanda taratibu katikati ya vilima vya udongo wa mfinyanzi vinavyoitwa Crete Senesi. Katika barabara hiyo kuna kona moja yenye misonobari michache mirefu na nyumba ya mawe juu ya kilima ng'ambo ya bonde. Mara ya kwanza niliipiga picha moja nikapita. Katika mwaka uliofuata nilirudi hapo mara kumi na moja, na naweza kusema kwamba kona hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi. Mwezi Aprili ngano ilikuwa ya kijani kibichi, na upepo uliilaza upande mmoja kama manyoya ya paka. Julai ilikuwa imekwisha kuvunwa, yakabaki mabua makavu yenye rangi ya mchanga. Mwishoni mwa Agosti trekta lilikuwa limepita, na udongo ulikuwa umegeuka mabonge ya kijivu makubwa kuliko maboga, magumu kiasi kwamba nilijikwaa juu yake nikachubuka goti. Novemba sikuona kilima kabisa. Ukungu ulijaa bondeni, nikasimama saa nzima na nusu nikimsikiliza mbwa asiyeonekana, hadi paa la ile nyumba lilipojitokeza peke yake likielea, na nikapiga picha tatu.

Ni hapo ndipo nilipojiwekea sharti ambalo nalishika hadi leo: mkanda mmoja usiishe kabla ya siku tatu. Picha kumi na mbili kwa siku ni nyingi kwa mtu anayetembea kwa miguu. Kabla ya kubonyeza naandika kwenye daftari mstari mmoja unaoeleza kwa nini nataka kupiga, na ikiwa sababu ni "pazuri" tu, naishusha kamera. Mnaofundishwa kwamba ubunifu ni msukumo unaomjia mtu ghafla mtaona sharti hili ni la kikarani. Kwangu mimi ubunifu ulianza pale nilipokosa ruhusa ya kupiga ovyo.

Someni pia historia ya ardhi mnayoipiga, kwa sababu mandhari hii si ya asili kama inavyodhaniwa. Kwa karne nyingi mashamba haya yalilimwa kwa mfumo wa mezzadria, ambapo familia ya mkulima iliishi katika nyumba iliyo katikati ya shamba la bwana na kugawana naye mavuno, kwa desturi nusu kwa nusu. Ndiyo maana nyumba zimesimama moja moja juu ya vilima badala ya kukusanyika kijijini. Wakulima wengi walihamia mijini na viwandani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo mwaka 1964, na baadhi ya nyumba hizo leo ni za kulaza wageni kama sisi. Nilipolijua hilo sikuweza tena kuiona ile nyumba ya kilimani kama pambo. Nilianza kutafuta dalili za watu waliotoka: tanuri la mkate la nje lililobomoka, mtini uliokulia ndani ya zizi. Ukipata nafasi ya kwenda Siena, ingia Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji, uone picha ya Utawala Bora ambayo mchoraji Ambrogio Lorenzetti aliichora ukutani mwaka 1338 na 1339. Upande wa mashambani utaona vilima, mizabibu, wavunaji na punda waliobeba mizigo, na utatambua kwamba watu wa huku walikwisha kuitazama ardhi yao kwa makini karne tano kabla kamera haijavumbuliwa.

Sasa niseme kidogo kuhusu mambo ya ufundi. Siku moja nilitembea kutwa nzima, nikapiga picha 36, kisha 37, kisha 39, na kihesabio kikaendelea tu kupanda. Nilipofungua kamera nilikuta ncha ya filamu haikunasa kwenye kizingio kinachoivuta na kuikunja, na mkanda wote ulikuwa bado umejikunja ndani ya kopo lake, haujaona mwanga hata mara moja. Tangu siku hiyo, kila ninaposogeza filamu natazama kile kishikio cha kurudishia mkanda kilicho upande wa kushoto. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, simama hapo hapo.

Kuhusu mwanga, mpauko wa udongo wa Crete na weupe wa barabara za vumbi huidanganya mita ya kamera, yaani kipimamwanga chake. Mita hudhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, nayo hukufanya uinyime filamu mwanga. Pima mwanga kwenye nyasi au kwenye kivuli, au ongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili, kwani filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Mita ikifa, kumbuka kanuni ya zamani: jua likiwaka wazi, weka tundu la lenzi f/16, na spidi ya shata iwe karibu na namba ya wepesi (ISO) ya filamu, yaani sehemu 1/500 ya sekunde kwa filamu ya 400. Usiache mikanda ndani ya gari lililoegeshwa juani. Uwanja wa ndege iweke kwenye begi la mkononi, ndani ya mfuko unaoonyesha kilichomo, na uombe kwa adabu ikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za CT za kukagulia mizigo kwa eksirei huiharibu filamu ambayo haijasafishwa.

Kwa anayedhani kwamba atakwama akikaa sehemu moja, kuna mpiga picha Mwitalia Mario Giacomelli, aliyezaliwa Senigallia mwaka 1925 akafia huko huko mwaka 2000. Maisha yake yote alikuwa mpiga chapa mwenye duka lake, na kwa miongo mingi alipiga mashamba ya mkoa wake wa Marche kwa filamu nyeusi na nyeupe, hadi ardhi ikawa mistari mitupu. Mwenzake Luigi Ghirri, mpiga picha aliyeanza kazi kama mpimaji wa ardhi, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake ya rangi katika tambarare ya Emilia alikozaliwa, mahali ambapo mtalii mwenye haraka huona barabara na mahindi tu.

Mwisho ni watu. Waitalia nao wana hodi yao: hata mlango ukiwa wazi, mgeni husema "permesso", yaani naomba ruhusa, kabla ya kuvuka kizingiti, na mtu mzima usiyemjua humwiti "tu", yaani wewe, bali "Lei" ya heshima, kama vile kwetu usivyompita mzee bila shikamoo. Nami nilimwendea hivyo mzee wa trekta wa ile kona, nikamsalimu, nikamweleza ninachokitafuta, ndipo nikaomba kumpiga. Alikubali, akaendelea kulima. Miezi miwili baadaye nilimpelekea picha niliyoisafisha na kuichapa mwenyewe katika chumba cha giza, yeye akiwa mdogo pembeni na shamba lote lililolimwa likiwa mbele yake. Aliivalia miwani, akaisogeza dirishani, akaitazama muda mrefu bila kusema neno juu ya sura yake. Kisha akaweka kidole kwenye mfuo wa tatu kutoka juu na kuniambia kwamba pale alipinda, kwa sababu siku ile alikuwa akinitazama mimi.