Kwa nini mabati yalisubiri

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kwa nini mwaka 2015, paa letu linavuja na hela ya mchezo wa kupeana kwa zamu imeshaingia mkononi, niliichukua hela ya mabati nikaifanya nauli ya watu watano kwenda Dar es Salaam kumwona rais akiapishwa, wakati jirani alikuwa na televisheni. Unasema sasa na wewe una nyumba na mtoto, bei ya bati unaijua. Una haki ya kuuliza. Baba yako aliniuliza hilohilo, akaninunia siku mbili.

Ukweli ni kwamba sikwenda kwa ajili ya rais. Nilikwenda kwa ajili ya bibi yako.

Mwaka 1961 bibi alikuwa binti wa miaka 12 pale Kimamba, baba yake akikata mkonge. Desemba ilipofika, mzee akaamua kwenda Dar es Salaam kushuhudia Uhuru, akachukua wanawe wawili wa kiume. Bibi akaomba naye aende. Akaambiwa, mtoto wa kike ataona nini huko? Basi usiku akawachemshia mihogo ya safari, akaifunga kwenye jani la mgomba, na asubuhi akawapitishia dirishani mwa behewa. Treni ikaondoka.

Kaka zake walirudi na hadithi waliyoisimulia mpaka wakazeeka: jinsi taa za uwanja zilivyozimwa saa sita usiku, kuamkia tarehe 9, bendera ya Mwingereza ikashushwa gizani, na taa zilipowaka wakaiona ya Tanganyika inapepea. Bibi akiisimulia yeye utadhani alikuwepo. Akifika mwisho anasema, "Mimi nilitoa mihogo." Anasema hivyo tu, kisha ananyamaza.

Sasa rudi mwaka ule wa 2015. Matokeo ya uchaguzi yametangazwa, redio inasema Magufuli ataapishwa Alhamisi tarehe 5 Novemba, Uwanja wa Uhuru, na Samia Suluhu Hassan ataapa kuwa Makamu wa Rais, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo katika nchi hii. Bibi alikuwa uani anapepeta mchele. Akausimamisha ungo. "Uwanja wa Uhuru ndio upi?" Nikamwambia ndio ule Taifa wa zamani, ule watu wa mpira wanaouita Shamba la Bibi, ule wa kina mjomba. Akaitikia "ahaa", akaendelea kupepeta.

Hakuniomba. Hilo ndilo lililoniuma, mwanangu. Kama angeomba, pengine ningemjibu kuwa hela ni ya mabati, na angenielewa.

Safari unaikumbuka: basi la alfajiri kutoka Kilosa, mdogo wako kutapika kabla ya Chalinze, foleni ya kuingia Ubungo, daladala mpaka Keko kwa mama yako mdogo. Ambalo pengine hukuliona ni kwamba bibi alibeba jani la mgomba kutoka nyumbani, amelikunja ndani ya khanga. Jioni ile Keko alitoka mwenyewe kununua mihogo, akakaa mbele ya jiko la mkaa akaichemsha. Mama yako mdogo alimwambia asijisumbue, vyakula viko tele njiani. Akajibu kwamba hasumbuki.

Tulitoka kabla ya jua kuchomoza, kwa miguu. Langoni tukakaguliwa, tukaingia mzunguko, upande usio na kivuli. Sitakudanganya kwamba tuliona vizuri. Waliokuwa jukwaa kuu, kina Kagame na Museveni na Mugabe, tulikuwa tunaonyeshana kwa vidole bila uhakika nani ni nani. Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman tulimjua kwa joho. Magufuli alipoapa tulisikia vipaza sauti kuliko tulivyomwona, na alipopewa mkuki na ngao akavinyanyua juu, uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Kisha mizinga 21. Mdogo wako alilia akajificha kwenye khanga ya bibi, na kila mzinga ulipolia nilikuwa nauhisi kifuani kabla ya masikioni.

Ikafika zamu ya Mama Samia. Bibi akasimama.

Wa nyuma wakaanza: "Bibi, kaa chini, hatuoni!" Nikamvuta nguo. Hakunisikia. Alisimama ameshika kifurushi chake cha mihogo kwa mikono miwili, midomo inacheza kana kwamba kiapo kile anakifuatisha. Kijana mmoja nyuma yetu akawaambia wenzake, "Mwacheni bibi wa watu." Wakamwacha. Alisimama hivyo mpaka neno la mwisho, ndipo akaketi, akafungua lile jani na kugawa mihogo: akaanza na wewe, kaka yako, mdogo wako, mimi, kisha akageuka akawapa na wale vijana waliokuwa wakimfokea. Nao wakala.

Unasema televisheni ingetosha. Nakubali kwamba ya jirani ingetuonyesha uso wa Mama Samia vizuri zaidi. Lakini isingemwonyesha bibi yako akisimama. Nilitaka ninyi mlione hilo kwa macho, na wewe hasa, kwa sababu ni mtoto wa kike na ulikuwa na miaka 15.

Tarehe 19 Machi 2021, siku mbili baada ya Magufuli kufariki, Mama Samia aliapishwa kuwa Rais hapahapa Dar es Salaam, Ikulu. Kule sisi wananchi wa kawaida tusingeweza kuingia. Bibi alikuwa ameshahamia kwangu, tukatazama sebuleni. Mjukuu wa jirani akamuuliza, bibi, huyu mama unamjua? "Namjua," akasema. "Alipoapa Uwanja wa Uhuru nilikuwepo."

Kuhusu paa, nakuomba radhi. Mvua za vuli mwaka ule hazikutuhurumia. Najua ulisogeza kitanda mara tatu usiku mmoja, na madaftari yako ya Jiografia yaliloa tukayaanika juu ya jiko. Sufuria mbili na beseni chini ya matone, na baba yako kimya. Mabati yalikuja zamu yangu ya mchezo iliyofuata, katikati ya mwaka 2016. Ile miezi ya kulala kwenye unyevu mliilipia ninyi watoto, si mimi peke yangu, na sikuwauliza kwanza. Hapo nilikosa. Lakini ikirudi siku ile, nauli ningeitoa tena.

Bibi anakusalimu. Nimemwambia nakuandikia habari za Uwanja wa Uhuru, akaniagiza nikuulize kama unakumbuka kwamba ile mihogo ilikuwa imepungua chumvi.

Mama yako